Je, wajua kwa nini albamu ya Magdalena Bay ina jina la kitu kilichomo ndani ya kiwavi?

Ukiangalia kava ya Imaginal Disk, albamu ya pili ya Magdalena Bay, kundi la pop la watu wawili kutoka Marekani, iliyotoka Agosti 2024, unamwona mwimbaji wao Mica Tenenbaum anasukumiwa diski kwenye paji la uso, vile unavyoingiza CD kwenye deki. Wengi wakiiona wanadhani ni mambo ya roboti. Kumbe jina limetoka kwenye baiolojia, na mi nilivyojua hilo ndo nikairudia yote toka mwanzo.

Iko hivi: kiwavi haoti tu mabawa juu ya mwili wake ule ule. Tangu bado mdogo anatambaa na kula majani, ndani yake kuna vifuko vidogo vya seli, bapa kama sahani, vimetulia tu vinasubiri, hiki kije kuwa bawa, kingine jicho, hata inzi anavyo akiwa bado buu. Wanasayansi wanaviita jina hilo hilo la albamu, maana mdudu aliyekomaa wao wanamwita imago. Akishajifunga kwenye ganda, sehemu kubwa ya mwili wa zamani inavunjwavunjwa, inageuka chakula, na vile vifuko vinaanza kujikunjua. Yaani kipepeo alikuwemo humo humo siku zote!

Sasa kwenye albamu kuna mhusika anaitwa True, anawekewa diski imgeuze awe toleo bora la nafsi yake, mwili unaikataa, basi inabidi ajifunze upya kuwa binadamu ni kitu gani.

Na hawa wawili wenyewe safari yao inafanana na hiyo, mi naona hivyo. Mica na mwenzake Matthew Lewin walikutana wakiwa sekondari huko Miami, kwenye mafunzo ya muziki ya baada ya masomo, wakawa na bendi ya rock inaitwa Tabula Rasa, zile nyimbo ndefu zinazobadilika badilika katikati. Wakaenda vyuo tofauti, bendi ikafa, 2016 wakageukia pop ya sinthesaiza, wanarekodi wenyewe nyumbani, na video wanatengeneza wenyewe, kitambaa cha kijani nyuma na picha zinakwaruza kama mkanda wa VHS uliochoka. Albamu ya kwanza, Mercurial World ya 2021, inaanza na wimbo The End inaishia na The Beginning, ukiiacha ijirudie inazunguka tu.

Halafu ndo ikaja hii, nyimbo 15 zinashikana mkono, wimbo unaanza pop laini dakika mbili baadaye umeshakuwa kitu kingine kabisa, na mimi kila nikiisikiliza naisikia ile bendi ya Miami humo ndani. Ukifika wimbo wa mwisho, wenye majina yao Matt na Mica, usizime mapema, melodi ya wimbo wa kwanza inarudi.