Mdomo wa chozi haukurefuka kwa kutamani asali

Kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga mjini, kila mada ina bingwa wake. Juzi ilikuwa zamu ya ndege, baada ya kijana aliyetoka Amani kutuonyesha kwenye simu picha ya chozi aliyening'inia kwenye ua la mgomba. Mabishano yaliendelea mpaka birika la kahawa likakauka. Haya ndiyo yaliyosemwa, na ilivyo hasa.

"Chozi alivuta mdomo kwa kuchokoa maua vizazi na vizazi."

Hapana. Mchukuzi wa bandarini hujaza misuli kwa kubeba magunia, lakini mwanawe huzaliwa na mabega kama ya mtoto yeyote. Ndege huzaliwa tayari wakitofautiana kidogo, kisha njaa na ukame huamua nani atazaa.

Haya yamepimwa. Katika kisiwa cha Daphne Major, kwenye visiwa vya Galapagos huko bahari ya Pasifiki, watafiti Peter na Rosemary Grant waliwafuatilia finchi, ndege wadogo wala mbegu, kwa takriban miaka 40. Ukame wa 1977 ulimaliza mbegu ndogo, zikabaki kubwa na ngumu. Wenye midomo minene wakapona. Ukame wa 2004 na 2005 ukapindua mambo. Safari hii alikuwepo mshindani, finchi mkubwa zaidi, aliyekomba zile mbegu kubwa, na wenye midomo midogo ndio waliobaki. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba jeni iitwayo HMGA2 ina sura mbili, na wengi wa waliovuka ukame huo walibeba ile ya mdomo mdogo. Hakuna finchi hata mmoja aliyebadili mdomo wake. Iliyobadilika ni hesabu ya walio hai.

"Chotara ni kama baghala, hazai. Na spishi mpya huchukua mamilioni ya miaka."

Kwa baghala, mtoto wa punda na farasi, sawa. Kwa ndege walio karibu kiukoo, mara nyingi sivyo. Mwaka 1981, hapo hapo Daphne, alitua dume mgeni, mkubwa kuliko wenyeji. Sisi watu wa Tanga tunajulikana kwa "waja leo, waondoka leo". Huyu alikuja, akabaki. Alitoka kisiwa cha Española, zaidi ya kilomita 100, akapandana na jike wa pale. Watoto walirithi umbo lake, na madume wakajifunza wimbo wa baba yao. Majike wenyeji hawakuvutiwa na wimbo huo wa kigeni, basi uzao ule ukaanza kuzaliana wenyewe kwa wenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulithibitisha nasaba yote: vizazi vitatu vilitosha kuwatenga. Kama wanastahili kuitwa spishi kamili bado kuna ubishi, ila kwangu mimi ule wimbo usiopendwa ndio ukuta wenyewe.

"Rangi mbalimbali, damu mbalimbali."

Ulaya wapo kunguru weusi tii na wengine wenye kiwiliwili cha kijivu. (Siyo hawa kunguru wa India wanaotuibia dagaa.) Wanapokutana, hupandana, ingawa kila mmoja hupendelea wa rangi yake. Mwaka 2014 vinasaba vyao, vyenye herufi zaidi ya bilioni 1, vililinganishwa, na zikapatikana sehemu 82 tu zinazowatenganisha bila kukosea. Kati ya hizo, 81 zimejazana eneo moja la kromosomu ya 18, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, na humo zimo jeni zinazohusika na rangi ya manyoya.

Upande wa pili, rangi moja lakini damu mbalimbali, uko juu ya milima yetu. Chozi wa Usambara na Upare, mwenye mkanda mwekundu kifuani, alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni yule yule wa nyanda za juu za Kenya, maana kwa macho wanakaribia kufanana. Vinasaba vilipopimwa, ikaonekana wametengana zamani, kila mmoja amefungwa kwenye msitu wa mlima wake na joto la nyika lipo katikati. Leo anaorodheshwa peke yake, kwa jina la Usambara.