"Usaili ni Geresha Tu": Dhana Ninayoisikia Kila Wiki

Juzi kijana mwingine, mhitimu wa ustawi wa jamii, ameingia ofisini kwangu Kijitonyama na bahasha ya kaki. Juu ya vyeti vyote kaweka kimemo cha mkubwa fulani, kimekunjwa mara nne. "Shikamoo mama. Anza na hiki. Usaili ni geresha, umewekwa kupendelea wasomi. Kazi ya ustawi inataka moyo."

Nimechoka kulisikia hili. Usaili katika ofisi za ustawi uliwekwa kwa ajili ya bibi anayesubiri posho yake, si kwa ajili ya mwombaji kazi.

Tazama Marekani. Sheria ya Pendleton ya 1883, ya kuajiri watumishi kwa mitihani, ilikuja baada ya Rais Garfield kuuawa na mtu aliyekosa cheo alichokuwa akikidai, lakini mitihani yake ilihusu serikali kuu tu. Majimbo mengi yaliendelea kugawia makada wa chama nafasi. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 ikaleta fedha za wazee na watoto, huku Bunge likiizuia bodi iliyosimamia fedha hizo kuhoji majimbo yanamchaguaje mtumishi. Siasa ikaingia hadi kwenye posho. Mwaka 1938 bodi ilizuia fedha za wazee za jimbo la Ohio kwa mwezi mzima. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa: kuanzia Januari 1940, jimbo linalotaka fedha hizo liajiri kwa sifa.

Moyo unatakiwa, sikatai. Ila siku aliyekuandikia kimemo atakapopiga simu kwamba kaya ya shangazi yake iingie kwenye orodha ya wanufaika, utamjibu nini? Na kaya ipi utaitoa?

Eti mitihani ya ajira ni ya Wazungu: China iliitumia karne nyingi, hadi 1905. Waingereza waliipendekeza kwao 1854.

Eti vyeti havikaguliwi: mwaka 2017 hapa kwetu walitajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Kijana nikamrudishia kimemo chake. Tukafungua tangazo, tukasoma majukumu moja baada ya jingine, maana maswali ya mchujo hutoka humo na wengi hawayasomi. Kisha nikaona jina kwenye cheti cha kidato cha nne limepishana herufi moja na cheti cha kuzaliwa. Nimemtuma kwa wakili akaape kabla dirisha la maombi halijafungwa.