"Pingili zimesagika": jamani hapana

Wiki hii peke yake nimepata wagonjwa wanne wa maumivu ya kiuno na wote wameniambia kitu kilekile, pingili zimesagika. Wa mwisho ni mama mmoja anauza mitumba Kiboriloni, kaja na picha ya MRI ameifunga ndani ya kitenge, kuinuka tu kwenye kiti anashika meza kwa mikono miwili. Nikamwambia mama okota hiyo peni chini, akagoma. "Mwanangu, nimeambiwa nikiinama zitaachia." Miezi mitatu hainami, hagusi ndoo, biashara kamwachia binti yake, analala chini kwenye mkeka. Nikapima miguu, nguvu zipo, ganzi hamna, mkojo na choo kawaida. Kilichomlemaza ni hilo neno.

Sasa sikieni. Wanachoita kusagika mara nyingi ni diski, vile vimto laini katikati ya pingili, kukauka na kupungua kimo, na hiyo ni kama mvi kichwani. Mwaka 2015 kulitoka uchambuzi uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa, wenye miaka 20 asilimia 37 diski zao zimeshaanza kuchakaa, miaka 50 asilimia 80, miaka 80 asilimia 96. Na hao hawaumwi! Ko hata wapagazi wa stendi ya Moshi ukiwapiga MRI wengi utawakuta "wamesagika" na gunia wanabeba. Picha peke yake haikuambii maumivu yanatoka wapi, na X-ray ndo kabisa, diski yenyewe haionekani, unaona mifupa na nafasi iliyopo katikati. Kiuno kilichoanza juzi bila dalili mbaya, kwa wengi kinapungua sana ndani ya wiki sita, hela ya MRI itunze, tembea kila siku hata kama ni kuzunguka nyumba.

Yule mama alipoondoka alikuwa ameokota peni mara tano, kwanza kwa kukunja magoti, mwishoni kwa kuinamisha mgongo wenyewe, na hakuna kilichoachia.

Mengine haraka. "Ni figo hizi": figo mara nyingi inauma juu zaidi, chini ya mbavu, na haijali umegeukaje, maumivu yanayobadilika ukiinama au ukigeuka kwa kawaida ni mgongo. Kulala kitandani siku moja mbili sawa, zaidi ya hapo unazidi kukakamaa. Mkeka hauna dawa yoyote, godoro gumu la wastani linatosha. Mkanda wa kiuno hautibu.

Ila ukiona ganzi sehemu za siri na za kukalia, mkojo umeziba au unatoka wenyewe, au mguu unazidi kulegea, hospitali leo leo, hata usiku. Homa za jioni, jasho usiku na kukonda nazo usizikalie, TB ya mgongo ipo. Hao ndo picha inawahusu.

Na mtu akidondoka kwenye mparachichi au boda ikimrusha, naombeni sana msimpakize mshikaki kwenye pikipiki! Kama hapo alipo hakuna hatari mwacheni palepale, mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisicheze, gari ikifika mgeuzeni wote kwa pamoja kama gogo, alale kwenye ubao, hata mlango ung'oeni.