Herbert Grönemeyer: muziki hutangulia, maneno hufuata

Wanafunzi wangu wa utunzi wakikwama kwenye maneno, huwawekea nyimbo za Herbert Grönemeyer, mwimbaji na mtunzi wa Ujerumani. Hawajui Kijerumani, na hilo ndilo ninalolitaka. Wapenzi wa mpira huenda wamewahi kumsikia bila kujua: Kombe la Dunia la 2006 aliliimbia pamoja na Amadou na Mariam wa Mali.

Alizaliwa Göttingen mwaka 1956, akakulia Bochum, mji wa makaa ya mawe na chuma. Angali kijana alipiga piano katika jumba la maigizo la mji huo, akaingia kwenye uigizaji, na mwaka 1981 akaonekana katika Das Boot, filamu ya nyambizi. Sura yake ikajulikana, ila albamu zake za mwanzo hazikununuliwa. Mwaka 1984 akatoa 4630 Bochum, akitumia namba ya posta ya wakati ule ya mji wake. Ikavuma nchi nzima. Wimbo wake wa “Bochum” mashabiki wa VfL Bochum huuimba uwanjani hadi leo kabla ya mechi za nyumbani.

Sasa kazi yenyewe. Kwetu, hasa kwenye taarabu, shairi hutangulia: beti huja na vina na mizani yake, kisha hutafutiwa sauti. Grönemeyer huanza na muziki. Huuimba kwa maneno ya kubuni yasiyo na maana, yenye mlio wa Kiingereza, na muziki ukishasimama ndipo huhangaika na Kijerumani, silabi kwa silabi. Nadhani ndiyo sababu uimbaji wake hukatika-katika, maneno yakitoka kwa kubanwa. Wapo Wajerumani wasioipenda sauti hiyo. Mimi naiamini.

Novemba 1998 alifiwa na kaka yake Wilhelm, na siku chache baadaye na mkewe, mwigizaji Anna Henkel. Saratani iliwachukua wote wawili. Kwa muda aliweka kazi kando. Albamu ya Mensch, yaani “Binadamu”, ilitoka 2002, ikauza zaidi ya nakala milioni 3. Humo mna “Der Weg”, wimbo wa kumuaga mkewe: piano, fidla, na ile sauti ya kubana ikiwa imelegea.

Huo ndio ninaouweka darasani, bila utangulizi wowote. Safari ya mwisho, kabla sijatafsiri hata mstari mmoja, binti aliyekaa nyuma aliniuliza, “Mwalimu, huyu kafiwa na nani?”