Je, wajua? Fanksheni "isiyo na seva" inaweza kuwa na midowea

Niliwahi kuulizwa kama mtu anayeandika fanksheni (vipande vya msimbo) za AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha msimbo, anaweza kutumia midowea, zile kazi ndogo zinazosimama kati ya ombi na msimbo wako, kama alivyozoea kwenye Express, kiunzi cha kujengea seva kwa JavaScript. Nikajibu bila kusita: hapana, midowea hukaa ndani ya seva, na huku seva hakuna.

Nilikosea mara mbili katika sentensi moja. Seva ipo, ila si wewe unayeiwasha wala kuitunza. Lambda ilitangazwa mwaka 2014, na mpango wake ni mfupi: unakabidhi fanksheni, inaitwa tukio linapofika, na ikizidi dakika 15 inakatwa.

Kosa la pili ndilo lililonikaa zaidi. Nilidhani midowea ni kiungo cha seva. Kumbe ni fanksheni inayoizunguka fanksheni nyingine, basi. Haijali kama ombi limepokelewa na programu inayosubiri usiku na mchana, au limeletwa likiwa limefungashwa tayari. Inataka kitu kiingie na kitu kitoke. Watu wa Python walishaliandika jambo hili mwaka 2003 katika waraka wa PEP 333, unaoeleza jinsi seva na programu za wavuti zinavyoongea: midowea hucheza pande zote mbili, mbele ya seva inajifanya programu, na mbele ya programu inajifanya seva.

Nilipoambiwa hivyo nikaenda kukosea upya: nikaibeba Express nzima na kuiingiza ndani ya Lambda, pamoja na kiunganishi cha kugeuza tukio lifanane na ombi la HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti. Inafanya kazi. Lakini fanksheni inayoamshwa na ujumbe wa foleni haina HTTP yoyote ya kuigiza.

Maktaba ya JavaScript iitwayo Middy inachukua wazo lenyewe na kuiacha seva. Faida yake inaonekana haraka. API Gateway, lango la Amazon linalopokea maombi ya wavuti na kuyapeleka kwa Lambda, hukuletea mwili wa ombi kama maandishi, hata ukiwa JSON, yaani data iliyopangwa kwa muundo maalumu. Unauchambua, unaukagua, unashika makosa, unapanga jibu lenye namba ya hali na vichwa vyake (maelezo yanayoambatana na jibu). Kazi uliyokusudia ni mistari mitatu iliyobanwa katikati. Kwa fanksheni ishirini, unarudia hayo mara ishirini. Kwa fanksheni moja tu, sioni sababu ya kuongeza maktaba.

Midowea hizo zinapangwaje? Wengi huziona kama foleni. Ziwazie kama vyumba vilivyo kimoja ndani ya kingine, na msimbo wako umeketi chumba cha ndani kabisa. Ombi linapita mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Jibu linatoka kwa mlango wa tatu, wa pili, kisha wa kwanza. Kwa hiyo midowea uliyoitaja kwanza ndiyo ya mwisho kuligusa jibu. Kila mlango unaweza kuwa na kazi wakati wa kuingia, wakati wa kutoka, na nyingine endapo kosa limetokea ndani.

Hapa ndipo mfano wangu wa vyumba unapopata ufa, na ufa wenyewe naupenda. Tuseme mlango wa pili unalikataa ombi na kurudisha jibu papo hapo. Ungetarajia jibu hilo lipite tena mlango wa kwanza likitoka, na katika Koa, kiunzi kingine cha JavaScript, hupita kweli. Katika Middy linatokea dirishani: midowea zote zilizobaki, hata zile za kutokea, zinarukwa. Kama mlango wa kwanza ndio uliokuwa ubandike vichwa vya CORS, vinavyokiambia kivinjari kuwa ukurasa wa tovuti nyingine unaruhusiwa kulisoma jibu, jibu linaondoka bila hivyo, na kivinjari kinamnyima mteja hata nafasi ya kusoma kwa nini amekataliwa. Ndiyo maana mlinzi wa mlango wa pili ni heri arushe kosa (atangaze hitilafu) kuliko kurudisha jibu mwenyewe. Kosa halina ruhusa ya dirisha: linatoka kwa milango.