Michakato ya zamani inayokula prosesa kwenye HAProxy

Mtu akinieleza kwamba HAProxy yake, programu inayopokea wateja na kuwagawia seva za nyuma, inakula prosesa, siulizi kwanza ana wateja wangapi. Nauliza: mipangilio inapakiwa upya mara ngapi kwa siku, na nani anatoa amri hiyo? Mara nyingi anayetoa ni programu. Kila seva ya nyuma inapowaka au kuzimika, hati ya amri (script) inaandika faili ya mipangilio upya na kupakia, mchana na usiku, bila mtu kugusa kibodi.

Hapa Tanga nahudumia mfumo wa tiketi za mabasi. Makarani wa stendi ya Kange hufungua ukurasa wa viti alfajiri na kuuacha wazi hadi basi la mwisho. Kila ukurasa umeshika muunganisho wa WebSocket, unaobaki wazi kati ya ukurasa na seva, ili kiti kikiuzwa Dar es Salaam kifutike Kange papo hapo. Miunganisho ya namna hii haina haraka ya kufungwa, na tatizo linaanzia hapo.

Unapopakia upya, HAProxy haibadilishi mipangilio ndani ya mchakato (process) unaofanya kazi. Inaanzisha mwingine, unasoma faili na kuanza kupokea wateja. Ule wa zamani unaambiwa usipokee tena, umalize na wateja ulio nao kisha uondoke, kama karani wa zamu inayokwisha anayefunga foleni ya dirisha lake lakini hawafukuzi waliokwisha kufika. Tangu toleo la 1.8, la Novemba 2017, mchakato mpya unaweza kupokezwa soketi (sehemu za kupokelea miunganisho) zilezile zilizokuwa zimefunguliwa, hivyo hakuna anayekatwa mlangoni. Kabla ya hapo kila mchakato ulifungua soketi yake kwa SO_REUSEPORT, ruhusa ya soketi kadhaa kutumia namba moja ya mlango (port), iliyoingia Linux 3.9 mwaka 2013. Miunganisho iliyokuwa ikisubiri kwenye soketi ya zamani ilipotea soketi hiyo ilipofungwa.

Wengi wakishajua kwamba hakuna muunganisho unaopotea, wanadhani wanaweza kupakia watakavyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Ombi la kawaida la HTTP linaisha upesi, lakini WebSocket ya karani itaisha jioni, na mchakato wa zamani utaisubiri. Ukipakia tena, michakato inayosubiri inakuwa miwili, kisha mitatu. Kila mmoja una kumbukumbu yake, na kwa kuwa tangu toleo la 2.0 HAProxy huanzisha nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato) kulingana na idadi ya viini vya prosesa, yote inagombania viini vilevile na mchakato mpya. Kwenye top, amri inayoorodhesha michakato ya mashine, utaona majina ya haproxy yamepangana. Ukitumia soketi ya mchakato mkuu, unaosimamia mingine, amri ya show proc itakuonyesha kila mchakato wa zamani, umri wake, na umepitiwa na upakiaji mara ngapi. Anza hapo kabla ya kununua seva kubwa zaidi.

Dawa ya kwanza ni hard-stop-after. Unaiweka kwenye sehemu ya global na muda wa mwisho wa mchakato wa zamani kuishi. Lakini muda ukifika, waliobaki wote wanakatwa kwa pamoja, na wote wanarudi kwa pamoja. Kwa hiyo ukurasa wa karani lazima usubiri sekunde za kubahatisha kabla ya kuunganisha tena. Hilo ni jukumu la waandishi wa programu, nami hulidai bila kuona haya.

Kurudi kwa pamoja kunauma kwa sababu ya TLS, usimbaji fiche wa miunganisho. Mapatano ya mwanzo ndiyo kazi nzito ya prosesa. Kusafirisha data baada ya hapo ni nafuu. Mteja aliyewahi kuunganishwa anaweza kuruka sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa tiketi ya kikao (si ya basi; ni kumbukumbu ya mapatano yaliyopita), lakini usipoweka funguo za tiketi kwenye faili kwa tls-ticket-keys, mchakato mpya unatengeneza zake na tiketi za zamani hazifai tena. Kila upakiaji unageuka wimbi la mapatano kamili. Ziweke kwenye faili, na uzibadilishe kwa ratiba, maana ufunguo uliokaa mno ni hatari. Cheti, kinachothibitisha utambulisho wa seva, nacho kina uzito wake kutegemea aina ya ufunguo: kusaini kwa ECDSA P-256 ni kwepesi kwa seva kuliko RSA ya biti 2048, na tofauti ni kubwa. Endesha openssl speed rsa2048 ecdsap256 kwenye mashine yako uone.

Bado naona dawa bora ni kutopakia kabisa pale pasipo na haja. Kupitia soketi ya utawala, inayopokea amri za HAProxy, unaweza kubadilisha uzito wa seva, kuitoa taratibu kwa hali ya drain (isipewe wateja wapya), au kuipa anwani mpya, yote mchakato ukiwa unaendelea. Kwa server-template unaandaa nafasi tupu mapema, seva mpya ikija unajaza anwani tu. Kuanzia toleo la 2.1 hata cheti hubadilishwa kwa set ssl cert kisha commit ssl cert. Kumbuka tu kwamba mabadiliko haya hayaandikwi kwenye faili. Hati yako iandike kwenye soketi na kwenye faili pia, la sivyo upakiaji ujao utarudisha ya zamani.

Panapobaki haja ya kupakia, kagua kwanza kwa haproxy -c -f, kusanya mabadiliko ya dakika kadhaa yaingie kwa mara moja, na upishe saa za asubuhi makarani wanapokuwa na foleni. Kama unatumia stick-table, jedwali la kumbukumbu za wateja, kuzuia wanaorudia maombi kupita kiasi, tangaza sehemu ya peers, ya kupokezana jedwali hilo, yenye jina la mashine yenyewe. Bila hiyo, jedwali linaanza tupu kila unapopakia, na wale uliokuwa umewazuia wanaingia upya.