Nyumba ya kupangisha haijilipi yenyewe

"Kodi ni 1,000, rejesho la benki ni 960. Si nyumba inajilipa yenyewe hapo?" Haijilipi. Swali hili limenifika mara nyingi mno, na kulijibu kwa mstari mmoja hakusaidii mtu, kwa hiyo leo tupige hesabu mpaka mwisho.

Chukua nyumba ya 100,000, sarafu weka yoyote. Unatoa 20,000, benki inakukopesha 80,000 kwa riba ya 12% kwa mwaka, miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni 960. Mpangaji analipa 1,000. Wengi wanaishia hapo, wanaona 40 imebaki, wanatia saini.

Kwanza, nyumba hukaa tupu. Mpangaji akitoka tarehe 30, mwingine haingii kesho yake. Kuta zinapakwa rangi, kitasa kinabadilishwa, choo kinasuguliwa, tangazo linatoka. Watu wanakuja kuangalia, mmoja anaahidi kuleta fedha Jumatatu na simu yake haipatikani tena. Mwezi umeisha. Ukipoteza mwezi mmoja tu kwa mwaka, unakusanya 11,000, yaani wastani wa 917 kwa mwezi, na rejesho bado ni 960. Umeshapungukiwa kabla hujanunua hata msumari.

Kutoka kwenye 917, wakala anayesimamia anachukua 10%, yaani 92. Ukisema utasimamia mwenyewe, iandike vilevile. Hiyo ni kazi, na siku ukiugua au ukihamia mbali utailipia. Bima na kodi ya jengo inayokwenda serikalini, tuseme 60. Matengenezo madogo 83 kwa mwezi, yaani 1% ya bei ya nyumba kwa mwaka.

Hiyo 1% inafundishwa kila mahali, nami naitumia, lakini siiamini sana. Bomba halijui bei ya kiwanja. Nyumba mbili zenye vyoo viwili viwili na paa la aina moja zinaweza kupishana bei mara mbili kwa sababu ya mtaa tu, na fundi atatoza kilekile kote. Kinachokula fedha ni umri wa nyumba na idadi ya vitu vinavyoharibika: mabomba, vyoo, milango, mita za mraba za paa. Nyumba ikipita miaka 30, naanza na 2%, halafu nazunguka chumba kwa chumba na kuhesabu upya.

Linaloniudhi kuliko yote ni hili: "Paa bado zima, kwa nini niliwekee akiba?" Kwa sababu linazeeka kila mwezi, na mpangaji wa leo ndiye anayelitumia. Kodi yake ina sehemu ya paa lijalo ndani yake. Ukiila, umekula paa. Gawa tu gharama kwa umri: hita ya maji ya 600 inayodumu miaka 10 ni 5 kwa mwezi. Kupaka rangi nyumba nzima kwa 1,200 kila miaka 5 ni 20. Paa la 7,500 kwa miaka 25 ni 25. Jumla 50 kila mwezi, kwenye akaunti yake peke yake, isichanganywe na fedha ya chakula.

Na usidhani kitu kidogo kitabaki kidogo. Kiungo cha bomba chini ya sinki kinalegea, maji yanatoka tone kwa tone nyuma ya kabati. Hakuna anayeona. Baada ya wiki kadhaa rangi ya upande wa pili wa ukuta inavimba kama malengelenge, plasta inalainika ukiibonyeza kwa kidole, kabati linaoza miguu. Kazi ya kubadilisha mpira mmoja wa kiungo imegeuka kazi ya fundi bomba, mwashi, seremala na mpaka rangi. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi kila miezi 6, kwa taarifa kwa mpangaji, na kabati lifunguliwe.

Sasa jumlisha: 92, 60, 83 na 50 ni 285. Toa kwenye 917, inabaki 632. Rejesho ni 960. Kila mwezi unatoa 328 mfukoni mwako.

"Lakini deni linapungua!" Linapungua, ndiyo. Angalia mwezi wa kwanza: kati ya 960, riba ni 800 na deni linashuka 160. Umeongeza 328 yako ili deni lishuke 160. Chanzo chake ni kwamba nyumba inazaa 632 mara 12, takriban 7.6% ya bei, na mkopo unakugharimu 12%. Ukizidi kukopa, shimo linazidi kina.

Kupanda kwa thamani sikuweki kwenye hesabu ya kununua. Huenda nyumba ikapanda na kufuta hasara yote, na wapo waliofaulu hivyo. Ila huwezi kulipa rejesho la mwezi huu kwa thamani utakayoipata ukiuza, na kuuza nako kuna dalali, mwanasheria na kodi ya serikali.

Anza kinyume. Chukua 632, gawa kwa 1.25 ili ubaki na nafasi ya kupumua: rejesho lisizidi 506. Kwa riba na muda uleule, huo ni mkopo wa kama 42,000, si 80,000. Kama huna 58,000 za kuanzia, tafuta nyumba ya bei ndogo au shusha bei ya hii.

Hatimiliki, mipaka na rehani mwachie mwanasheria wako, si wa muuzaji. Amana ya mpangaji, ile fedha anayoiweka kama dhamana, si mapato, usiiguse.

Na hiyo 1,000 umeipata wapi? Mwombe muuzaji stakabadhi za miezi 12 pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia. Akikuletea mkataba ulioanza mwezi uliopita tu, iache kodi iliyoandikwa humo. Waulize wapangaji wa nyumba za jirani wanalipa ngapi, na upige hesabu yote upya kwa namba hiyo.